Kioo Kinachopanda kwa Hiari Yake

Jamani, mimi na kioo cha mlango wa dereva hatuelewani. Kushuka kinashuka bila shida, tena kwa madaha, kama kimeitwa kupokea mshahara. Kukipandisha sasa! Ukibonyeza swichi kinaguna kwanza, "mmmmh," kama mtu aliyeamshwa usingizini akakumbushwa deni, ndipo kinaanza safari. Nimekipima kwa saa ya simu: sekunde 23 toka chini hadi juu. Mwenzake wa upande wa pili anatumia 5.

Najua mtasema sekunde 23 ni nini. Si kitu, ukiwa kwenye kochi. Kaa nyuma ya lori linalotimua vumbi halafu uzihesabu. Na hao waliosema haraka haraka haina baraka, sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kupandisha kioo huku bega moja limeshalowa.

Lakini mvua na vumbi nimevisamehe. Kilichoniuma ni siku ile ya taa nyekundu. Jamaa mmoja kanichomekea, kisha kasimama ubavuni kwangu na yeye ndiye anafoka. Nami nikafoka. Nikamalizia kwa kauli nzito kabisa, "Sina muda wa kupoteza na mtu kama wewe!" nikabonyeza swichi nimfungie kioo usoni.

"Mmmmh," kikasema kioo.

Tukabaki tunatazamana. Kioo kimefika kidevuni, jamaa kajibu. Kimefika mdomoni, kaongeza na la pili. Sikuwa na la kusema kwa sababu nilishatangaza kuwa sina muda. Kilipofika puani kikakwama, na hapo yule bwana akaacha matusi, akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kisaidie kwa mkono, kaka," akasema. Nikakishika kwa viganja viwili, ndani na nje, nikawa nakivuta huku kiwiko kinabonyeza swichi. Taa ikawa kijani. Akanipungia mkono.

Tena kina tabia ya kususa. Ukikilazimisha mara tatu nne mfululizo kinanyamaza kabisa, hata kuguna hakiguni. Mara ya kwanza nilidhani fyuzi imeungua, nikakesha na tochi mdomoni natafuta fyuzi ambayo ilikuwa nzima. Kumbe ndani ya mota nyingi za vioo kuna kidude cha ulinzi: mota ikipata joto kupita kiasi, kinakata umeme mpaka ipoe. Dakika kadhaa baadaye inafufuka yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nikisusa kazini hakuna anayesubiri nipoe.

Ushauri ulikuja bure, kama kawaida. Jirani alinisihi nimwagie oili ya injini kwenye mpira wa kioo, "kitateleza hicho mpaka ushangae." Nikamsikiliza, Mungu anisamehe. Siku mbili kiliteleza. Siku ya tatu oili ilikuwa imealika vumbi lote la dunia, kioo kikawa kinapita kwenye tope na kutoka na michirizi kama kimelia. Isitoshe, oili ya injini hailipendi raba. Inalivimbisha, na raba lililovimba linazidi kukikaba kioo. Jirani nilipomweleza alisema pengine niliweka kidogo.

Nikaenda kwa fundi. Fundi alisikiliza ule mguno kwa sekunde mbili, hata mlango hakuugusa, akatoa hukumu: "Mota imekufa." Nikanunua mota. Akaifunga, tukabonyeza, tukasubiri. Kioo kikapanda kwa mwendo uleule, labda kwa adabu kidogo zaidi. Fundi akasema mota mpya inahitaji kuzoea.

Nyumbani mama watoto akaitazama ile ya zamani mezani, akauliza swali moja tu: "Sasa hii ilikuwa na kosa gani?"

Nikaipeleka kwenye betri, nikagusisha nyaya mbili. Ikazunguka kama feni! Nzima, haina hata homa. Basi hapo ndipo akili ilinirudia, nimeshalipa. Mota ikiwa peke yake inazunguka kwa kasi, ikifungwa kwenye kioo inaguna, maana yake kosa si lake. Kuna kitu kinaukaba mzigo wake. Ndiyo maana hata kushuka hakikuwa na tatizo: kioo ni kizito, kikishuka uzito wake wenyewe unasaidia kusukuma. Kikipanda mota inabeba uzito na ukavu wa raba kwa pamoja.

Siku ya mapumziko nikaufungua mlango mwenyewe. Skrubu zilikuwa tatu, mbili zimejificha kusudi. Klipu za plastiki za kava zilikuwa tisa, na kwenye gari la umri huu plastiki huwa kama biskuti. Nne zilipasuka kabla sijaomba msamaha. Nyuma ya kava kuna kijiti chembamba cha chuma kinachotoka kwenye mkono wa kufungulia mlango kwenda kwenye kufuli. Kilikuwa njiani, nikakichomoa, nikajiambia nitakikumbuka.

Mfereji wa raba ambamo kioo hupita una kitambaa cha manyoya manyoya ndani yake. Wangu ulikuwa umejaa uchafu mgumu kama saruji, mwingine wa miaka, mwingine wa jirani. Nikavingirisha kitambaa kwenye kijiti bapa, nikachovya kwenye maji ya sabuni, nikasugua. Maji yalitoka meusi mara sita. Mkono uliniuma mpaka nikaanza kumwelewa mota. Nikaacha pakauke, kisha nikapuliza silikoni ya kopo. Hiyo haili raba na haiiti vumbi. Kwenye reli na meno ya mashine ya kioo grisi ya zamani ilikuwa imegeuka nta. Nikaikwangua, nikapaka grisi mpya nyeupe.

Na kwa kuwa nilishapata kiburi, nikafungua na swichi. Vile visahani vya shaba vinavyogusana ndani vilikuwa vyeusi kwa cheche. Umeme ukipita hapo unafika kwa mota umechoka. Kumbe ndiyo sababu kioo kilikuwa kinapata ari kidogo injini ikiwaka: betri peke yake ina volti 12 na ushee, altaneta, ile mashine inayochaji betri, ikifanya kazi zinapanda mpaka kama 14, na hizo za ziada ndizo zilizokuwa zinanisitiri. Nikavisugua kwa msasa laini, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

Nikabonyeza. Hakikuguna! Kikapanda fyuu, sekunde 6, kikagonga juu "tap." Nikakishusha nikakipandisha mara kumi na moja. Nikamwita mama watoto, nikamwita na jirani aje aone. Nikarudisha kava kwa klipu tano zilizosalia, skrubu moja ikabaki, nikaitia mfukoni. Kila gari la zamani lina skrubu moja isiyo na kwao.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikazunguka mtaa mzima nikiwa na upepo, nikirudi nikavuta mkono wa mlango nishuke.

Ukaja mwepesi. Mwepesi mno. Hakuna kilichofunguka.

Kile kijiti.

Basi siku hizi nikifika, nashusha kioo, natoa mkono nje, najifungulia mlango kwa nje kama mimi ni dereva wangu mwenyewe. Natoka, naufunga, nanyoosha shati, ndipo nakumbuka kuwa kioo nimekiacha chini. Nafungua tena, naingiza nusu ya kiwiliwili, nawasha swichi ya gari, nakipandisha. Sekunde 6.