Mtoto Aliyefichwa: Tunamlaumu Nani?

Hadithi za mume na mke waliotengana, wakaja kukutana tena huku mke akiwa amemficha mume mtoto wake, zina wasomaji wengi, na karibu wote hutoa hukumu moja: mke alikosa, na lililobaki ni kuona kama mume atapata moyo wa kumsamehe. Kwa anayezisomea Uganda, hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Upande wa mume una uzito, sikatai. Ibara ya 34 ya Katiba ya 1995 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, na haki hiyo si mali ya mama. Kwa Baganda, kabila la katikati ya Uganda, kijana asiyejua ukoo wa baba yake anaweza kumposa binti wa ukoo uleule, jambo lililo mwiko. Tena, sheria ya mirathi iliyorekebishwa 2022 inawapa watoto na wajukuu asilimia 75 ya mali ya mtu aliyefariki bila wosia. Anayejitokeza siku ya okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, akiwa na jina ambalo wazee hawajapata kulisikia, atadai fungu lake mbele ya watu waliokwisha kugawana viwanja mioyoni mwao.

Lakini tumtazame mke alivyoondoka. Amerudi kwao na begi moja, na mimba ameigundua akiwa huko. Ng'ombe waliopokelewa kwa ajili yake wamekwisha kumwozea kaka yake mke, kwa hiyo hakuna ndani ya nyumba ile anayetaka kusikia neno talaka. Hadi 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Mifumi, shirika la kutetea haki za wanawake, kwamba kudai mahari yarudishwe ni kinyume cha Katiba, ukoo wa mume uliweza kushikilia kuwa ndoa haijavunjika mpaka ng'ombe warudi. Mahari yenyewe hayakuharamishwa, na hukumu ya Kampala haifiki kijijini siku hiyohiyo. Machoni pa ukoo, huyu angali mke wa mtu, na kuitangaza mimba ni kuwaita baba wadogo na mashangazi waje kumchukua mtoto, au wamrudishe yeye katika nyumba aliyoikimbia. Sheria ya Watoto inatanguliza ustawi wa mtoto, ni kweli. Ila mahakamani kunahitaji nauli na wakili, ilhali kikao cha wazee kinakaa uani.

Ndiyo maana nawalaumu watunzi kuliko mke. Mume akiliona paji lake kwenye uso wa mtoto, uchungu wake hupewa kurasa nzima. Kilichomkimbiza mke hupita kwa maneno mawili, "walikosana tu". Mume anayeombwa msamaha kabla hajaulizwa alichotenda hajarudiwa kwa mapenzi, amerudishiwa mamlaka.

Nisichoweza kukitetea ni siri inayoendelea wakati mtoto ameshaanza shule na anauliza, na mume hana tena nguvu wala nia ya kumnyang'anya mtu. Hofu ya mwaka wa kwanza ina sababu zake zote hizo. Ya mwaka wa saba inabidi ijieleze upya, na mbele ya mtoto kwanza kabla ya baba.