Egemeo la Bunduki na Msimu wa Karafuu

Anayetaka kushona vifuko vya mchanga vya kuegemezea bunduki kisiwani Pemba, namnasihi asubiri kwanza karafuu zimalizike mitini, kwani katika msimu wa vuno hakuna mzigo mdogo, mzito na ulioshonwa mdomo utakaopita njia ya diko, pale panapotia nanga mashua, bila ya mwenye nao kuulizwa anakotoka na anakokwenda. Mimi niliulizwa, na jibu langu, ingawa lilikuwa la kweli tangu neno la mwanzo hadi la mwisho, ndilo lililoniponza.

Ami ana bunduki ya upepo, ile ya springi inayokunjwa mtutu ili kushindiliwa, yenye kutumia virisasi vya milimita 4.5, na kibali chake amekihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya shamba na cheti cha ndoa. Aliitaka kwa ajili ya kunguru, ambao kila Mamdogo alipofungua banda la kuku walikuwa wamekwishajipanga juu ya paa kusubiri vifaranga. Kisha mwanawe anayeishi Maskati akamletea darubini ya kufunga juu ya bunduki, na tangu siku ilipofungwa hakuna kunguru aliyepata dhara. Darubini ambayo haijasawazishwa huonyesha kwa uzuri kabisa mahali ambapo risasi haitakwenda.

Kusawazisha kwenyewe si jambo gumu kulieleza. Karatasi hubandikwa mita 25 mbele, zikapigwa risasi tatu au tano kwa kulenga nukta ile ile, ukatazamwa mkusanyiko wa matundu umeangukia wapi, kisha vikazungushwa vifundo viwili vya darubini, kimoja cha juu na chini na kimoja cha kushoto na kulia, hadi matundu yakutane na nukta. Kwa darubini ya Ami, kila kifundo kinapolia "ka" risasi huhama kiasi cha milimita 7 kwa umbali wa mita 100, ambayo kwa mita 25 haifiki hata milimita 2. Hesabu hiyo yote, hata hivyo, inataka bunduki itulie, na mikono ya Ami, iliyokwea mikarafuu tangu ujana wake, haitulii tena. Alikaa barazani akizungusha kifundo huku midomo ikimwenda kama mtu anayevuta tasbihi, na matundu yakaendelea kutawanyika, mengine nje ya karatasi, na moja katika ndoo ya Mamdogo.

Ndipo nilipoamriwa nitafute egemeo, zuri, lakini lisilokula pesa.

Niliuliza kwa simu katika duka moja la Dar es Salaam, wakanitajia egemeo la chuma lenye miguu mitatu na skrubu ya kupandishia, kwa zaidi ya shilingi laki mbili na nusu, mbali na nauli ya meli. Nilipomfikishia Ami bei hiyo hakukasirika. Aliniuliza tu kama ndani yake imo na bunduki nyengine.

Tukaanza basi na vya nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi ikikunjuliwa mbao zake hupishana, na pale zinapopishana pana pembe ambayo bunduki inaingia vizuri mno, mradi mtu awe mwangalifu na yale meno. Kwa macho ilipendeza. Lakini bunduki ya springi ina tabia yake: springi inapofyatuka, bunduki hurudi nyuma, halafu pistoni inapogota mwisho wa silinda hurukia mbele, na mtikisiko huo huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ikilazwa juu ya kitu kigumu, hudunda. Ilidunda juu ya mbuzi ya Mamdogo ikapiga papai la jirani, tunda ambalo hakuna aliyelilenga, na kila ilipodunda iliacha juu ya mbao mafuta kidogo ya bunduki. Usiku ule tulikula wali wa nazi. Ami alikula akanyamaza. Mimi nilikula nikanyamaza. Mamdogo alionja tonge moja, akainuka, akaichukua mbuzi yake akaenda nayo chumbani, na kuanzia hapo ikawa inalala huko.

Kilichofuata kilitoka kwa fundi wa kuchomea vyuma wa Chake Chake, ambaye alichukua jeki kuukuu ya lori, akaichomea juu yake taya mbili za kubania, akanikabidhi kitu ambacho kukipandisha katika gari ya abiria kulihitaji msaada wa utingo. Lazima nikiri uzuri wake: ukiibana bunduki humo ilikuwa haitikisiki, na matundu yalikaribiana hata yakafunikwa na sarafu moja. Ami akafurahi, akaitoa bunduki katika taya, akaiweka begani akapiga karatasi ile ile, na tundu likatokea shubiri nzima chini ya mengine. Bunduki ya aina hii iliyobanwa kwa chuma hupiga vyake, na ikishikwa kwa mikono hupiga vyake, kwa sababu kila mshiko huiachia irukeruke kwa namna tofauti. Ami alilifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kisha akatoa shauri kwamba labda tutafute njia ya kumshawishi kunguru aje asimame mbele ya jeki.

Kila niliyemuuliza mwenye kujua bunduki alinipa jibu moja, nalo lilikuwa rahisi hata nikaona haya kulipeleka nyumbani: vifuko viwili vya mchanga. Kikubwa huwekwa mbele, chini ya mbao na kamwe si chini ya mtutu, kwa kuwa mtutu ukiegemezwa risasi huhama. Kidogo huwekwa chini ya kitako, na mkono wa kushoto hukiminya ili kupandisha au kuteremsha shabaha kwa kiasi cha unywele. Visijazwe pomoni, robo iachwe tupu, ili bunduki ijichimbie kitanda chake yenyewe. Tulichobishania ni cha kujazia. Mimi nilipendekeza mchele, ambao ni mwepesi kubeba, na Mamdogo akanitazama kwa namna ambayo sikuendelea na hoja. Mchanga wa pwani Ami aliukataa kwa sababu ya chumvi, inayovuta unyevu na kuvisha chuma kutu, na hapo alikuwa na haki. Tukachota mchanga wa bondeni, tukauanika juu ya jamvi, tukauchunga kwa chungio ambalo, kwa kujifunza kutokana na yaliyopita, tulilinunua letu wenyewe.

Kwa ajili ya vifuko Ami alikata gunia kuukuu la juti, na kwa kuwa juti huvuja mchanga mwembamba, ndani yake tukatia bafta. Gunia hilo lilikuwa limebeba karafuu misimu kadhaa. Harufu yake ilikuwa nzuri, nasi hatukuiona kuwa na madhara yoyote. Uzi wa cherehani ulikatika mara bunduki ilipolala, na Ami akasema kuwa mshono wa kuhimili kazi ile anaujua mtu mmoja tu, fundi wa matanga anayekaa dikoni, mwenye sindano nene na uzi uliopakwa nta. Basi nikavifunga vifuko midomo kwa kamba, nikavipakia nyuma ya baskeli, nikateremka pwani jua likiwa linakuchwa.

Kwa msomaji asiyekuwa wa huku ni lazima nieleze kidogo. Karafuu ya Zanzibar kisheria mnunuzi wake ni mmoja, nalo ni shirika la serikali, na sehemu kubwa ya karafuu hizo hutoka Pemba. Ng'ambo ya bahari iko Mombasa, na kwa miaka mingi wako waliovusha magunia usiku kwa mashua ili kuyauza huko. Kwa hiyo msimu unapoiva njia zote za kuelekea dikoni huwa zina macho, na mimi, mwenye baskeli, jioni, na mizigo miwili midogo yenye kunukia, nilikutana na macho mawili mawili ya vijana wa ulinzi.

"Asalaam alaykum, kaka. Umebeba nini?"

"Waalaykum salaam. Mchanga."

"Mchanga." Alilirejea neno taratibu. "Na unaupeleka wapi?"

"Dikoni."

Aligeuka akaitazama pwani, iliyokuwa imeenea mbele yetu nyeupe, maji yakiwa yamekupwa, kisha akanigeukia tena.

"Unapeleka mchanga pwani."

"Huu si wa pwani," nikamweleza kwa upole. "Wa pwani una chumvi."

Mwenzake, aliyekuwa amenyamaza, aliinama akakinusa kifuko kikubwa, akainuka, akamnong'oneza. Yule wa kwanza akasogea hatua moja na sauti yake ikawa ya kiserikali zaidi. "Mchanga huu unaonukia karafuu ni wa kufanyia nini?"

"Wa kulazia bunduki," nikasema.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita kaka.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alikuwa ndio kwanza anatoka kusali Magharibi, na alitusikiliza akiwa amesimama na makubadhi yake mkononi. Akatumwa mtoto kumwita Ami, ambaye alifika akihema, akapekua mfuko wake wa nailoni, na kwa haraka aliyokuwa nayo karatasi ya kwanza aliyomkabidhi Sheha ilikuwa cheti cha ndoa. Sheha alikisoma chote, hadi majina ya mashahidi, akasema, "Hili sikuwa na shaka nalo, mzee wangu," akakirudisha. Kibali cha bunduki kilipoonekana hali ikapoa kidogo, lakini swali la mzigo lilibaki pale pale, na Sheha akaamuru liletwe sinia, kifuko kifunguliwe mbele ya watu.

Mchanga ukamwagika, mweupe na mkavu, kazi nzuri ya chungio, na nyuso zikaanza kulegea. Halafu, kijana alipokigeuza kifuko na kukikung'uta mshono, zikadondoka karafuu. Hazikutosha pilau ya mtu mmoja, lakini zilikuwa karafuu, na kijana alizipokea kiganjani kwa furaha ya mtu aliyepotezewa muda wake na sasa ameupata.

"Za zamani hizo," akasema Ami. "Zilijificha penye pindo."

"Ziwe za zamani, ziwe za jana," akasema Sheha, "mahali pake ni kituoni."

Basi asubuhi yake Ami, ambaye ni mtu wa kufuata sheria hata inapomchekesha, alizipeleka katika kituo cha kununulia zikiwa ndani ya kikombe cha kahawa. Karani alizimimina juu ya mizani ya magunia na sindano haikujua kama kuna jambo. Akamwambia Ami azichukue akatie chai. Ami akakataa, akasema kuwa amri ni kuziuza, tena karafuu zile ni za daraja la kwanza, hazina makonyo wala vumbi. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni na magunia yao kichwani wakaanza kuzungumza kwa sauti ambayo si ya ibada. Mwishowe karani alitoa sarafu mfukoni mwake mwenyewe.

Vifuko alivishona fundi wa matanga siku ya pili, mchana kweupe, huku yule kijana wa ulinzi akiwa amekaa ubavuni kwake akiangalia kila tundu la sindano. Alipendezwa mno, hata akaja mwenyewe barazani kwa Ami kuona vinavyofanya kazi. Sheha naye akaja, kwa ajili ya amani. Bunduki ikalazwa, mbao yake ikazama kidogo katika kifuko cha mbele, Ami akakiminya kile cha nyuma kwa mkono wa kushoto, na mara hii mkono ulitulia kwa kuwa haukuwa na kazi ya kubeba. Matundu yakakaa pamoja upande wa kulia wa nukta, kifundo kikazungushwa "ka, ka, ka", yakahamia kati. Sheha akaomba apige moja. Alipiga katikati ya nukta, akairudisha bunduki haraka kabla hajaombwa kurudia.

Gharama yote, ukiacha jeki ambayo Ami hataki itajwe, ilikuwa uzi, bafta na soda ya fundi.

Kunguru, lakini, ni ndege anayesoma. Katika majuma yale yote ya papai na jeki walikuwa juu ya paa wakitutazama, na wamekwishajua kuwa vifuko vikitoka nje, bunduki inafuata. Siku ya kwanza Ami alipoviweka mezani waliruka wote hata kabla hajaingia ndani kuchukua silaha. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Sasa Mamdogo huvitoa mwenyewe kila alfajiri, akavipanga juu ya meza, kikubwa mbele na kidogo nyuma, akafungua banda, akaendelea na shughuli zake, na juzi alimuuliza Ami kama ile bunduki haiwezi kupata mnunuzi.