Mtoto Mtulivu Tunamsifu Bure

Katika ploti nyingi hapa Nakuru, sifa ya kwanza anayopewa mtoto mdogo ni kwamba hasumbui. "Huyu wako ametulia sana, Mama," jirani atakwambia, nawe utafurahi. Dada wa kazi anasifiwa kwa sababu jioni soksi za mtoto bado ni nyeupe. Mwenye deikea anasifiwa kwa chumba kisicho na kelele. Mimi naona sifa hizi zinawaumiza watoto wetu. Mtoto wa miaka miwili aliyetulia tangu asubuhi hadi jioni amenyimwa kitu anachokihitaji kama anavyohitaji uji: kupanda, kusukuma, kukimbia, kuanguka na kuinuka tena.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na kuanzia miaka mitatu, 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya ahemee juu juu. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Mwongozo huo unasema pia mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari, kwenye kiti au mgongoni. Najua hilo la mgongoni litawaudhi wengi. Sisemi tuache kubeba watoto kwa leso, kwani mtoto mgongoni anapata joto na usalama, na mama anapata mikono ya kufanyia kazi. Ila akiamka, mfungue. Na simu tunayompa ili atulie tupike ugali? Kwa mtoto wa mwaka mmoja haipendekezwi kabisa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi katika jambo hili ulitoka karibu na hapa, upande wa Kericho. Miaka ya sabini, mtafiti Mmarekani Charles Super alikaa kijiji cha Kokwet miongoni mwa Wakipsigis. Kabla yake wataalamu wengi walikuwa wameandika kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kuliko wa Ulaya na Marekani, na baadhi yao wakadhani ni mambo ya kuzaliwa nayo. Super aliwatazama akina mama. Aliona wanachimba kishimo kifupi ardhini, wanamkalisha mtoto humo na kumzungushia blanketi mgongoni ili asianguke. Aliona wanamshika makwapani na kumrukisha miguu yake ikigusa chini, wanamshika mikono apige hatua. Walikuwa wanamfundisha, kwa makusudi, kila siku. Katika taarifa yake ya mwaka 1976 alieleza kwamba watoto hao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa sana, hawakuwatangulia.

Kwangu mimi hoja imeisha hapo. Mwili wa mtoto unafuata kile ambacho nyumba yake inamruhusu na kumfundisha. Akina mama wa Kokwet hawakuwa na duka la midoli. Walikuwa na ardhi, mikono yao, na nia.

Wengi wetu sasa tunakaa ghorofa ya pili Kaptembwo au Free Area, na kwenye taili huwezi kuchimba shimo. Beseni kubwa la kufulia litafaa. Litandike leso nene, mkalishe mtoto katikati, mpe kijiko na kifuniko cha sufuria, nawe ukae hapo hapo. Akilia kila ukimlaza kifudifudi kwenye mkeka, lala wewe chali, umweke kifuani pako. Atainua kichwa ili aione sura yako, na shingo na mgongo vitafanya kazi bila yeye kujua kwamba anafanya mazoezi.

Badala ya hayo tunanunua woka, kile kiti cha magurudumu cha kumsimamisha mtoto, tena kwa bei ya kuumiza, au tunaletewa kama zawadi na shangazi mwenye nia njema. Woka haimfundishi mtoto kutembea. Inamning'iniza, inamzoesha kusukuma kwa ncha za vidole, na inampa mwendo wa kufika kwenye jiko au ngazi kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake tangu 2004. Pesa hizo zinatosha mkeka mzuri na chenji ibaki.

Mtoto akishasimama, nyumba ya chumba kimoja ina zaidi ya unavyofikiri. Shusha mito ya makochi sakafuni, uipange iwe kilima, aipande na kushuka kinyumenyume. Weka maji kidogo kwenye mtungi wa lita tatu, ufunge kifuniko kabisa, aukokote kutoka mlangoni hadi jikoni. Jaza vitambaa kwenye soksi kuukuu, uifunge fundo, na huo ndio mpira wa kurusha ndani ya karai. Kila akifaulu, sogeza karai nyuma hatua moja. Kunja leso iwe ndefu kama kamba, uilaze chini, atembee juu yake bila kukanyaga pembeni. Unapoanika nguo, yeye akuokotee vibanio kutoka kwenye ndoo: anachuchumaa, anasimama, ananyoosha mkono, mara nyingi kuliko ambavyo ungeweza kumshawishi kwa amri. (Ndoo hiyo iwe haina maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana.) Ndani ya nyumba avue viatu, maana mguu mtupu unashika sakafu vizuri zaidi. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyiza maji na ufagie kwanza, kwa sababu ya funza.

Wa miaka mitatu na minne anataka kuwa mnyama. Aruke kama chura, atambae kama mamba, asimame kwa mguu mmoja kama heroe wa ziwani kwetu. Kusimama hivyo kunaonekana mchezo mdogo, lakini ndipo anapojifunza usawa wa mwili, na kuruka kwa mguu mmoja huja takriban miaka minne. Baada ya hapo wakubwa watamchukua wenyewe kwenye michezo yao: tapo, kati, brikicho, blada. Shuleni, wazazi wengi wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wanauliza mtoto ataandika lini. Mkono unaoandika unashikiliwa na bega, na bega na mgongo. Aliyebeba, aliyening'inia na kupanda mpera ushago likizo ya Agosti anakalia dawati kwa nguvu zaidi kuliko aliyeshikishwa penseli mapema.

Usimlinganishe na wa jirani. Watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi minane na kumi na minane hivi, na wachache hawatambai kabisa, wanasimama moja kwa moja. Lakini kama amefika miezi 18 bila kutembea, kama anatumia mkono wa upande mmoja tu kabla ya mwaka, au alikuwa anafanya jambo na sasa ameacha, nenda kliniki. Usikubali maneno ya "atatembea tu, hata babake alichelewa". Chanjo ya surua ni miezi tisa na miezi 18. Siku hiyo hiyo fungua kijitabu cha kliniki kwenye ukurasa wa hatua za ukuaji, umwombe muuguzi mpitie pamoja. Hospitali kubwa za kaunti zina wataalamu wa fiziotherapia, na kwenda mapema kunasaidia.

Nina neno pia kwa wenye ploti. Mmejenga hadi ukutani, na ile korido iliyobaki mmeijaza matangi, pikipiki na kamba za nguo, kisha keateka anapewa kazi ya kufukuza watoto. Wakitoka nje ya geti wanakutana na boda boda. Kamba za nguo zinaweza kwenda juu ya paa. Pikipiki zinaweza kupangwa upande mmoja. Wapangaji wenzangu, mkutano ujao wa ploti, baada ya maji na takataka, tuombe hilo kwa sauti moja: mita chache zisizo na kitu, na ruhusa ya kelele kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni.