Sinia la Pilau

Kwetu mtandao unaishi chini, mimi naishi juu. Katikati kuna zege ambalo baba alilisimamia mwenyewe, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kuambiwa idadi ya nondo zilizolala humo. Kumbe nondo hizo ndizo zilizokuwa zinanikaba koo: waifai ikishapita kwenye zege lenye chuma, inafika chumbani kwangu imechoka kama abiria wa Mbagala saa moja usiku.

Pa kupumulia palikuwa ngazi ya saba tu. Ya sita mistari miwili, ya saba mitatu, ya nane kaburi.

Jumapili nikajipa ufundi. Rauta ilikuwa kabatini nyuma ya chupa za chai, imefunikwa kitambaa cha kufuma, maana mama anasema vumbi litaiua. Nikaitoa, nikaipandisha juu ya kabati. Ikapata nafuu. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini nilishasikia kwamba alumini inarudisha mawimbi, na jikoni kulikuwa na lile sinia kubwa la pilau, linalotoka kwa Idi na misiba tu. Nikalifunga nyuma ya rauta kwa selotepu, mizunguko kama kumi hivi, likaelekea ngazini. Kupanda chumbani: mistari mitatu! Nilicheza peke yangu.

Jumatatu saa nne asubuhi, usaili wa kazi kwa video. Juu shati jeupe na tai, chini bukta. Wakubwa watatu wananitazama.

"Hebu tueleze, ukipata tatizo la kiufundi unalitatuaje?"

"Kwa kawaida," nikaanza, "mimi huanza kwa kutafuta chanzo..."

Huko chini: "Nani kalifunga sinia langu kwenye mambo ya umeme?"

Nikaongeza sauti. Ikaja krrraaa ya selotepu. Kisha sinia likatua kwenye vigae, likazunguka, likazunguka, likakataa kunyamaza. Skrini ikaganda.

Nikashuka mbio na laptopu kifuani. Sebuleni wamekaa wamama sita wa kikoba.

"Shikamooni."

"Marahaba mwanangu," wakajibu, macho yote kwenye bukta.

"Ndiye huyu niliyewaambia," mama akasema. "Anafanya kazi za kompyuta."

Rauta nikaiokota chini ya kochi, antena moja imekatika. Nikaichomeka, ikachukua dakika mbili kuamka, na dakika zile mbili nilizimaliza nimesimama mbele ya wamama sita. Nikarudi usailini nikiwa nimekaa ngazi ya saba. "Samahani, huku kulikuwa na..."

"Tumesikia," akasema yule wa katikati. "Sinia limepona?"

Kazi sikupata.

Fundi alipokuja alicheka mpaka akakaa. Akaniambia antena ikisimama wima inatawanya mtandao pembeni, siyo juu, iliyobaki akailaza. Halafu akapitisha waya wa mita 15 nje ya dirisha mpaka chumbani, akaufunga kwenye kisanduku cha pili cha waifai. Zege limebaki na nondo zake, sina tena ugomvi nalo.

Juzi narudi kutoka dukani, nakuta kisanduku kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Cha bluu, kinaendana na pazia.