Mimi Hapa Nyumbani Ni Kiraka

Jamani, kama unaishi na mtu anayeshona mifarishi ya viraka, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa, usivue nguo ukaiacha kitini. Vua, kunja, fungia kabatini, na ufunguo uulalie. Mimi nilizembea, na sasa hivi nawaandikia nikiwa na suruali mbili pungufu.

Ilianza kwa kauli ya kiungwana kabisa. Mama Watoto alisema, "Mume wangu, haya mabaki ya vitambaa yamejaa mno, nataka niyamalize kwa kushona mfarishi mmoja." Nikafurahi kwelikweli. Chini ya kitanda kulikuwa na mifuko mitatu iliyoshindiliwa mikono ya mashati, migongo ya magauni, foronya zisizo na wenzake na masalio ya kila shono lililowahi kupita kwenye cherehani yetu. Nikajua nyumba itapumua.

Mabaki hayaishi, ndugu zangu. Ukikata mraba kwenye mkono wa shati, pembeni vinabaki vipande vinne. Hivyo havitupwi, eti vitafaa kwa kazi ndogo. Kazi ndogo ikifanyika, vinabaki vidogo zaidi, navyo vinafunguliwa mfuko wao. Juzi nilifagia kitu ukubwa wa kucha ya dole gumba. Jioni nikaulizwa, "Kile cha zambarau kilichokuwa hapa kiko wapi?" Nililala na hatia kama niliyemtupa mtoto.

Halafu kuna rangi. Mifuko ilikuwa na kijani ya kuvisha msitu mzima, lakini mfarishi ulikuwa unataka njano. Nikamkuta kakunjua pazia, mkasi mkononi.
"Lakini hilo si baki, hilo ni zima!"
"Ngoja kidogo," akasema, na mkasi ukapita.

Kabla ya kukata, vyote vilifuliwa. Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa mara ya kwanza, na chekundu huwa na tabia ya kuchuja, kikawapaka wenzake wote waridi. Ukikifua baada ya kushona, umekwisha. Hilo nalikubali. Lakini kamba ya nguo ilianikwa vipande sitini vya ukubwa wa leso, kila kimoja na vibanio vyake viwili, na soksi zangu zikakosa pa kuning'inia. Nilivaa zenye unyevu siku mbili.

Sasa, katika mpira kuna mchezaji anaitwa kiraka. Ukimweka nyuma anacheza, katikati anacheza, kipa akiumia anavaa glavu. Huyo ndiye mimi. Hapa nyumbani nilipiga pasi kuliko kiungo yeyote. Na usidhani ni pasi zile za kukokota mbele na nyuma! Ya viraka unabonyeza, unainua, unabonyeza tena, kwa sababu ukikokota kitambaa kinanyumbuka, hasa kile kilichokatwa mshazari, na mraba wako unageuka papai. Tena mshono unalazwa upande wa kiraka cheusi zaidi, usije ukaonekana chini ya cheupe. Mstari huu unalaza kulia, unaofuata kushoto, ili ikikutana miwili mishono ishikane kama meno ya zipu. Nikikosea, nasikia sauti kutoka cherehanini: "Kushoto, Baba Watoto. Kushoto!" Kocha hata hajainua kichwa.

Kingine alichonipa ni kazi ya kuangalia. Viraka vikishapangwa sakafuni, mtu anatakiwa asimame juu ya kiti, afumbe jicho moja na nusu, aone kama weupe na weusi wa rangi vimetawanyika vizuri. Ukifinya jicho, rangi zinafifia unabaki kuona giza na mwanga tu. Nilikuwa juu ya kiti, uso nimeukunja kama mtu aliyeng'ata ndimu, nikisema "kile cha kona kinapiga kelele", jirani akapita dirishani. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa upole wa kumsalimia mgonjwa.

Lakini twende kwenye suruali, maana ndiyo msiba wenyewe.

Niliomba kukata. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichoka kupiga pasi, nikasema kukata mraba kuna nini? Nikaelezwa: mfarishi utakuwa na viraka 20 kwenda, 20 kushuka, kila kiraka inchi 4, yaani jumla inchi 80 kila upande, unafunika watu wawili na ugomvi wao. Nikakata viraka 400 vya inchi 4, kamili, bila kuzidi wala kupungua. Nilitumia rula na karatasi ya kaki niliyoifanya kipimo. Hata fundi aliyebobea angenipa mkono.

Mama Watoto akashona. Kila mstari una mishono 19, mistari 20, hiyo ni mishono 380 mifupi, kisha 19 mirefu ya kuunganisha mistari. Wiki zikapita. Siku ya kupima akatandaza futikamba, akatazama, akaikunja, akaitandaza tena.

Inchi 70.

"Umekata inchi ngapi?"
"Nne. Kama ulivyosema."
"Na mshono?"
"Mshono gani?"

Mshono, wapendwa, hula robo inchi kila upande. Ukitaka kiraka cha inchi 4 kikishashonwa, unakikata inchi 4 na nusu. Changu kilibaki 3 na nusu. Nusu inchi si kitu, hata mdudu haijazi. Lakini zidisha mara 20, umeibiwa inchi 10, na hapo ndipo miguu ya mtu mzima ilipokuwa ilale.

Nikasubiri kelele. Hazikuja. Akasema kwa utulivu kwamba dawa ipo: pindo pana la inchi 5 kuzunguka pande zote. Tano huku, tano kule, inchi 80 zimerudi. Ila linataka kitambaa kimoja kizito, cha rangi iliyotulia, kisichogombana na viraka. Nikasema wazo zuri sana, hongera, nikaenda kuoga.

Nilipotoka bafuni, suruali yangu ya kaki ilikuwa tayari vipande virefu. Na kwa kuwa haikutosha, ile ya bluu ilikuwa mezani miguu imetengana na kiuno.

Nikalalamika kwa haki. Kumbe nilikuwa najichongea, maana Mama Watoto ana historia ya kila jambo. Akanipa habari za Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, kilichozungukwa na mto pande tatu, ambako wanawake weusi, vizazi vya waliokuwa watumwa, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha jumba la Whitney, New York, na wajuzi wa michoro wakasimama mbele yake mikono nyuma. "Magoti ya suruali zilizopauka," akasema, "yametundikwa ukutani kama picha."

Nikasema hayo magoti yalikuwa yamechakaa, yangu yalikuwa na marinda ya pasi.

Akaendelea. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za mumewe akazishona mfarishi, amkumbuke na ajifunike kwa mapenzi. "Sasa mapenzi gani mengine unayataka wewe?"

"Mume wa Missouri alikuwa ameshafariki!" nikapaza sauti. "Mimi niko hai! Nimesimama mbele yako na taulo!"

Akanitazama kuanzia taulo kwenda juu, akarudi kwenye cherehani.

Na mimi nikatafuta historia yangu. Nikamwambia kuna Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika walioko Karnataka, India. Mfarishi wao wanauita kawandi, na hawasumbuani na miraba 400. Wanashona kwa mkono, wanaanzia ukingoni mwa kitambaa cha chini, kiraka baada ya kiraka, wanazunguka mpaka wanakutana katikati. Kiraka kikizidi kinakunjwa, kikipungua anaitwa mwenzake. Pembe zote nne wanatia viraka vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua, na bila maua hayo kazi haijaisha. Nikamaliza kwa kishindo: "Hakuna robo inchi pale!"

"Basi kawakatie wao," akasema. Kesi ikafungwa.

Tukafika kwenye kubandika. Chini inatandikwa bitana, uso wake ukiangalia sakafu, juu yake tabaka la pamba, juu ya pamba ndiyo viraka. Vitatu hivyo vinabanwa kwa pini zile za kufunga kama za nepi, unaanzia katikati unatoka nje, kila baada ya upana wa kiganja, ukipapasa usiache mkunjo chini. Ni kazi ya magoti. Nilitambaa sebuleni jioni nzima, na kila nilipolainisha kona moja paka alikuja kuilalia, kwa uhakika wa mwenye hati ya kiwanja. Pini zilikuwa 430. Nilijua kwa sababu zilihesabiwa mbele yangu kama fedha za upatu.

Cherehani ikapita juu ya matabaka yote matatu, pini zikachomolewa, zikahesabiwa tena. 429.

Siku nne tulitembea humo ndani kama wezi, vidole vimekunjwa. Godoro liligeuzwa. Paka alipapaswa. Mimi nilihojiwa mara mbili, nikatakiwa kueleza nilikuwa wapi wakati wa kuchomoa.

Jana usiku tukajifunika kwa mara ya kwanza. Nisiseme uongo, unapendeza. Zambarau ipo, njano ya pazia ipo, waridi haikumwagika popote. Na pindo limefika mpaka chini, kwa hiyo miguu yangu imefunikwa na suruali yangu kama zamani, ila sasa nimelala. Gizani nikapapasa ukingo upande wangu, mkono ukakuta kitu ninachokijua. Mfuko! Mfuko wa nyuma wa ile ya kaki, hakuufumua, kaushona hapohapo na kifungo chake. Nikajisikia vizuri, sikufichi. Nikasema kumbe nilifikiriwa. Hapa pa miwani, hapa pa simu. Nikaingiza mkono wote, kwa raha zangu, mpaka chini.

"Mama Watoto! Washa taa! Nimeipata ya 430!"