Kabla hujapandisha ghorofa, dada yangu

Juzi jioni jirani yangu hapa Makorora, Tanga, alinisimamisha mlangoni kwake. "Kaka, benki wamesema watanipa mkopo. Nipandishe ghorofa?" Ana gesti ya vyumba sita, na siku hizi vyumba havilali vitupu. Nikamwomba anipe siku mbili. Jibu naliandika hapa kwa sababu swali lake naliona ni la nusu ya mji.

Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Tanga tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Jirani yangu huyuhuyu alikopa, akajenga. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukaja kutolewa Februari 2022. Miaka minne na nusu kati ya jiwe na pesa! Marejesho hayakungoja bomba. Aliuza kiwanja cha urithi ili ayalipe. Nilikuwepo siku anatia sahihi ya mauziano, na sijaisahau.

Karne ya 19 palikuwa na daktari Mfaransa, Clément Juglar, aliyeacha udaktari akaingia kwenye mambo ya uchumi. Mwaka 1862 alichapisha utafiti kuhusu misukosuko ya biashara Ufaransa, Uingereza na Marekani, akionyesha kwamba hurudi kila baada ya muda. Alipekua hesabu za benki: mikopo inapanda mwaka hadi mwaka, akiba ya dhahabu na fedha inapungua, halafu kishindo. Mzunguko huo leo unakadiriwa kuwa wa miaka 7 hadi 11, na wachumi wengi wanauhusisha na uwekezaji wa vitu vya kudumu kama mitambo na majengo. Kilichonishika mimi ni kwamba Juglar, kama daktari mzuri, ugonjwa aliutafuta ndani ya miaka ya neema, kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Chukua mwenye bajaji 10. Kila mwaka moja inachakaa, ananunua moja. Mwaka huu abiria wameongezeka, anahitaji 12, basi ananunua tatu. Mwuza bajaji anaona biashara imekua mara tatu. Anakopa, anapanua duka, anaajiri mafundi. Mwaka unaofuata abiria ni walewale, hawajapungua hata mmoja, na mwenye bajaji ananunua moja tu. Duka limekwama. Hapo hapajatokea vita wala ukame. Wateja wameacha kuongezeka, basi, na hilo limetosha kumwangusha aliyewekeza kwa kuamini wataongezeka daima.

Sisi wa Tanga hatukupaswa kufundishwa haya na Mfaransa, maana mkonge ulishatufundisha. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kuwa miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Mkonge ukiupanda leo hukati jani mpaka miaka kadhaa ipite. Kwa hiyo bei ikipanda, kila mwenye shamba anapanda kwa bei ya leo, na wote wanavuna pamoja kwa bei wasiyoijua. Wakati wa vita vya Korea bei ilipaa, kisha ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka tena. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa mkonge upande wa Muheza. Alikuwa akisema manamba, vibarua wa mashamba hayo, walikuja kwa malori wakiimba, na walipoondoka hapakuwa na lori.

Ndiyo maana ule msemo wetu, waja leo waondoka leo, mimi nausikia pia kwa pesa ya ujenzi. Kulaza bomba kunataka maelfu ya mikono. Kuliendesha kunataka wachache sana. Bandari iliyochimbwa kina na kuongezewa gati itabaki, na hiyo ni heri kubwa, lakini kambi za mafundi hufungwa.

Halmashauri ingenisikiliza, ningeiomba mambo mawili. Barabara za mitaa, masoko na mifereji isiyo ya dharura isijengwe sasa, wakati saruji na mafundi wanagombaniwa. Mipango ikamilishwe, pesa zitengwe, kazi ianze miradi mikubwa inapopoa. Pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu isiishie yote kwenye biashara za kulisha na kulaza wajenzi. Kijana akopeshwe vifaa vya kutengeneza injini za boti, majokofu ya samaki, mashine za kusindika machungwa ya Muheza. Najua mzunguko si saa ya ukutani, na miaka 7 inaweza kuwa 5 au 12. Lakini kujiandaa hakuhitaji tarehe.

Na wewe dada yangu: usipandishe. Vyumba sita vikijaa, kwanza maliza deni lililobaki. Kisha weka kando kodi ya vyumba ya miezi kumi, usiiguse. Ukitaka kujenga, badili vyumba viwili vya nyuma viwe na jiko na choo chake, ili mwalimu au nesi apange mwaka mzima wageni wakiisha. Kesho baada ya alasiri nitapita kwako na daftari, tupige hesabu pamoja.