Fimbo ya gofu imfae mchezaji kwanza
Makala yenu inamshauri mchezaji wa gofu anunue fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na kanuni kutoka kampuni moja, ushauri ambao siukubali hata kidogo. Nike ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inaacha kutengeneza fimbo, Brooks Koepka, mchezaji gofu wa kulipwa wa Marekani aliyekuwa akizitumia, hakukimbilia mkataba mwingine, bali alichanganya vifaa, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa US Open akitumia fimbo za chuma za kampuni ya Mizuno pamoja na moja ya Nike aliyobaki nayo. Mabingwa wengi wanaoshikilia chapa moja hulipwa kwa kufanya hivyo. Sisi tunaonunua kwa fedha zetu (na bei zake ni kubwa mno) tupimwe kwanza kimo na kasi ya kupiga, ndipo tuchague urefu na uzito wa mpini, hata kama kila fimbo itakuwa na chapa yake.